Msimu Tuliokatazwa Kusema Kipindupindu

Siku mliyoniaga kwa kustaafu pale ukumbini mlinipa kiti cha kuegemea na keki yenye jina langu, kisha mshereheshaji akanipa kipaza sauti nitoe neno la shukrani. Nilipotoa miwani mkobani akadhani nina hotuba ndefu, akawasha muziki. Nikacheza kama mlivyotaka. Neno lenyewe nilirudi nalo nyumbani Nyalikungu, na sasa nimekalia kiti chenu nikiliandika, maana hapa hakuna wa kunikatiza isipokuwa jogoo wa jirani.

Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Zimo kwenye jalada langu, kama panya wameliacha. Nataka kuwaeleza vijana wa idara ya afya kazi ilikuwaje, na zaidi nataka kueleza kisa kimoja ambacho baadhi yenu mmekisikia kikisimuliwa na mtu mwingine, kikiwa kimepakwa rangi. Nimefanya kazi karibu kila wilaya ya huku kwetu, kwa hiyo sitasema kilitokea wilaya ipi. Kijiji nitakiita Mwandulu, jina nililolitunga mwenyewe. Mhusika akijitambua, atakuwa amejitaja mwenyewe.

Nilipofika Bariadi kutoka chuoni, mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa bado chini ya Shinyanga, na barua ikitumwa huko ilijibiwa pale aliyeiandika alipokwisha kuhamishwa. Nilishuka kwenye basi nikiwa na sanduku la bati na viatu vyeusi vya kisigino kifupi, nimejipaka mafuta, tayari kulitumikia taifa. Ofisini nikamkuta Mzee Nkwabi, mkuu wa mabwana afya wa wilaya, mtu mrefu mwembamba aliyevaa koti la kaki hata jua likiwa la kupasua mawe. Hakuangalia vyeti vyangu. Aliangalia miguu.

"Hivyo viatu vya nani?"

"Vyangu, mzee."

"Viweke vya kanisani."

Akanitolea mabuti ya mpira yaliyokuwa ya mwanamume aliyenitangulia, mwenye miguu kama majembe. Nikajaza pamba kwenye ncha zake. Pamba huku haikuwahi kuwa tatizo. Yale mabuti niliyavaa mpaka yakapasuka, na watu wakanitambua kwa mlio wake kabla ya kuniona.

Waliniita Bwana Afya. Wachache walijaribu kuniita Bibi Afya, lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe, muuguzi wa kliniki ya watoto, naye hakupenda kugawana. Kwa hiyo mimi Limi, mama wa watoto watatu, nimekuwa bwana kwa maisha yangu yote ya kazi. Mume wangu alizoea.

Mzee Nkwabi ndiye aliyenifundisha kazi ambayo chuo hakikuifundisha. Wiki ya kwanza alinipeleka Sapiwi kukagua vyoo. Nilikuwa nimeshika kalamu, nimeanza kuuliza choo kiko wapi kabla mwenye mji hajamaliza kufungua mlango wa zizi. Mzee akanivuta kando.

"Ukifika kwa mtu usianze na choo. Anza na salamu, mwangaluka. Kisha watoto, kisha ng'ombe, kisha mvua. Choo kitakuja chenyewe."

Ni kweli kilikuja. Mwenye mji alitupeleka nyuma ya nyumba, kwenye choo kizuri chenye paa la bati na mlango wenye kufuli. Akatoa ufunguo shingoni, akafungua. Ndani kulikuwa kusafi kuliko ofisi yetu. Nikamsifu. Akafurahi sana, akasema, "Hiki ni cha bwana afya. Sisi wenyewe tunakwenda kule," akaonyesha kichakani. Mzee Nkwabi hakucheka. Alimwomba ruhusa, akaingia, akakitumia, akatoka na kumwambia, "Wabeja sana, asante. Sasa kimeshazinduliwa, na nyie mkitumie." Mambo kama hayo hayamo kwenye mtaala, na sijui yangeandikwa vipi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: bomba la mgongoni la kupulizia dawa, ambalo lilivuja na kuniunguza mgongo kabla ya kuua wadudu; ndoo ya klorini; chokaa; na pikipiki moja ya idara iliyopenda kwenda mteremko tu. Kuhusu klorini niwaambie jambo moja la kweli: msiiamini kwa sababu tu kopo limeandikwa klorini. Fungueni mnuse. Kama haiwatoi machozi, mnapulizia maji.

Kisha ikaja miaka ya soko huria, ikatukuta mimi na Mzee Nkwabi tumekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Kila kitu kikawa huria. Wanunuzi wa pamba wa kila aina walishuka na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani na maoni yake. Maduka ya dawa yakafunguliwa na watu ambao jana walikuwa wakiuza vitenge. Vyama vya siasa vikawa vingi, na mikutano ya hadhara ikawa na kitu kipya kilichoitwa maswali. Maji nayo yakawa huria. Zamani bomba la kijiji likiharibika fundi wa serikali alikuja, akachelewa, lakini akaja. Sasa tukatangaziwa kwamba bomba ni mali ya wananchi. Wananchi walifurahi kupewa bomba, mpaka walipogundua wamepewa likiwa limeharibika.

La Mwandulu lilikuwa mojawapo. Watu wakarudi kwenye lambo, bwawa la maji ya mvua, pamoja na ng'ombe wao. Mimi niliandika ripoti, Mzee Nkwabi akaisaini, na ikaenda mahali ripoti zinakokwenda.

Msimu wa pamba ulipokaribia, mtu wa kwanza aliletwa zahanati ya Mwandulu juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa ameanza kuhara alfajiri, na kabla ya jua kuwaka vizuri macho yalishaingia ndani na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Alichokuwa akitoa kilikuwa kama maji ya mchele. Mzee Nkwabi alikiangalia kwenye ndoo, akavua kofia.

"Limi, leta chokaa. Na mwambie dereva asizime gari."

Tulijua. Mganga wa zahanati alijua. Hata wale waliokuwa wamekuja na mkokoteni walijua, kwa sababu wazee walikwisha kuuona ugonjwa huo zamani. Aliyekuwa hajui ni Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa mkubwa wa wilaya, mtu wa mkoa wa mbali, nadhifu, mwenye leso mbili, moja ya jasho na moja ya kushika mkononi. Alituita ofisini kwake siku ile ile. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amewaandikia wakubwa wake kwamba wilaya yake ni safi, na wanunuzi wa pamba walikuwa wamealikwa waje Mwandulu kufungua msimu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba tulichokiona sicho.

"Neno hilo lisitamkwe," alisema. "Linaleta hofu. Ninyi ni wataalamu, tafuteni neno lingine."

Agizo hilo halikuandikwa popote. Mambo mazito serikalini hayaandikwi. Kinachoandikwa ni idadi ya viti.

Tukatafuta neno lingine. Kwenye taarifa ya kwanza tuliandika kuhara kwa msimu. Ya pili, kwa ushauri wa ofisi ya Mheshimiwa, ikawa usumbufu wa tumbo kutokana na mabadiliko ya hali ya hewa. Madarasa mawili ya shule tuliyoyageuza kambi ya wagonjwa yakabandikwa kibao: Kituo cha Muda cha Uangalizi wa Tumbo. Tukaomba dripu mkoani. Mkoa ukajibu, na safari hii ukajibu upesi, kwamba usumbufu wa tumbo hauhitaji shehena ya dripu, na kwamba hauwezi kutuma dawa za ugonjwa ambao haujatangazwa. Wauguzi wakawa wanapima kwa macho nani atundikiwe na nani anyweshwe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Mimi nilinywesha kwa kijiko. Vitanda tulivitoboa katikati, ndoo chini. Harufu ile sijaisahau.

Mchana nilitumwa na gari la matangazo. Jaribuni siku moja kuwaonya watu juu ya kitu ambacho hamruhusiwi kukitaja.

"Ndugu wananchi, chemsheni maji! Naweni mikono!"

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga akasimamisha ng'ombe wake. "Kwa nini, Bwana Afya?"

"Kwa sababu ni vizuri, baba."

"Na mwaka jana haikuwa vizuri? Mbona hukuja?"

Dereva akaondoa gari.

Ila jambo la ajabu ni kwamba, pamoja na kuukana ugonjwa kwa mdomo, Mheshimiwa aliupiga vita kwa mikono yote miwili. Aliwafungia mama ntilie, akapiga marufuku uji wa sokoni, akafunga vilabu vya pombe, na akaagiza kwamba yeyote atakayekufa na usumbufu wa tumbo azikwe na idara ya afya, bila matanga wala kula pamoja msibani. Yote hayo ni sahihi kwa kipindupindu. Kwa mabadiliko ya hali ya hewa ni uonevu mtupu.

Ndipo akafa Masanja.

Masanja alikuwa mkulima wa pamba, kijana bado, mcheshi, aliyekuwa akinitania kila nikipita kwamba mabuti yangu yananitangulia kufika. Alifika kambini mchana akijiburuza, akafa kabla ya magharibi, dripu ikiwa imetundikwa kwa mwingine. Mkewe, Minza, alikuwa amekaa nje ya ukuta wa darasa. Tulimpa habari. Hakulia pale pale. Aliomba amwoshe.

"Haiwezekani, mama," nilimwambia.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na neno moja tu la kumjibu, na hilo ndilo lililokatazwa. Nikamwambia ni utaratibu.

Tulimzika Masanja sisi wenyewe, tukiwa na glavu na mabuti, tukamwagia klorini na chokaa, mgambo wakiwazuia ndugu mbali kidogo. Mama yake, Bibi Holo, alisimama na fimbo yake akiangalia watu wageni wakimfukia mwanawe kama wanaoficha kitu. Nimezika wengi baada ya hapo. Lile ndilo kaburi ninalolikumbuka nikiwa nimelala macho.

Siku chache baadaye Minza alikuja ofisini kwetu. Alikuwa ametembea kutoka Mwandulu, kitenge cheusi kimejaa vumbi mpaka kiunoni. Alinisalimia, akauliza watoto, akauliza mume, akauliza mvua. Nikajua analo jambo zito, kwa sababu alivyosalimia hakuruka hata kimoja.

"Mayu," akaniambia, yaani mama, "watu wameacha kumsalimia mama mkwe wangu."

Vijana mliosoma mjini, kwetu mtu kuacha kusalimiwa si jambo dogo. Bibi Holo alikuwa mzee, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa samadi miaka yote, maana kuni ziliisha zamani. Shija, kaka yake Masanja wa mama mwingine, alikuwa amesimama msibani, msiba wenyewe usioruhusiwa, akasema serikali imetamka kwamba hakuna ugonjwa. Kama hakuna ugonjwa, basi ndugu yake ameuawa na mkono wa mtu, na macho ya mtu huyo kila mmoja anayaona. Shija alikuwa na huzuni ya kweli. Alikuwa pia na shamba linalopakana na la Bibi Holo. Wakati ule vikongwe wenye macho mekundu walikuwa wakiitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa sababu pungufu ya hiyo, na Minza alijua, na mimi nilijua.

"Mume wangu alikufa na nini?" akaniuliza.

Nikaufunga mlango. Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya chini kama ninayemwambia tusi.

Akatikisa kichwa. "Nilijua. Lakini wewe umenong'ona. Nikienda nikasema Bwana Afya kaninong'oneza, Shija atacheka. Anayetakiwa kusema ni yule aliyesema haupo."

Mzee Nkwabi alikuwa amekaa kwenye meza yake ya kona, anajifanya kusafisha bomba la dawa. Bila kuinua kichwa akasema, "Mheshimiwa anakuja Mwandulu Jumamosi kufungua ununuzi wa pamba. Kuna mkutano. Siku hizi kuna maswali."

Minza akasema wabeja, akaondoka.

Jumamosi hiyo uwanja mbele ya ghala la pamba ulifagiliwa mpaka ukatoa vumbi jipya. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa, na wagonjwa wakahamishiwa madarasa ya nyuma ili wanunuzi wasipate usumbufu wa tumbo kwa kuwaona. Mganga mkuu wa wilaya alipata safari ya ghafla. Kwa hiyo upande wa afya tukakaa mimi na Mzee Nkwabi.

Mheshimiwa alizungumza juu ya soko huria, juu ya ubora wa pamba, juu ya mshikamano. Juu ya afya alisema kwamba kuna maneno ya mitaani, na kwamba wananchi wasile ovyo. Kisha akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano.

Minza akasimama. Alikuwa amemshika mkono Bibi Holo, wakaja mbele polepole, kwa mwendo wa bibi, na watu wakawapisha kwa namna ambayo sikuipenda. Akaanza kwa Kisukuma. Alisema: mlituambia hakuna ugonjwa, mkamzika mume wangu kama mbwa, nataka mnieleze kwa nini mmetudanganya.

Mheshimiwa hakujua Kisukuma, kwa hiyo mtendaji wa kijiji akasimama kutafsiri. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Mama anasema anashukuru kwa ujio wako, Mheshimiwa, na anaomba ufafanuzi wa masuala ya maziko."

Uwanja mzima ulicheka, kicheko cha watu ambao hawajacheka siku nyingi. Mheshimiwa naye akatabasamu, akidhani amependwa. Minza akamgeukia mtendaji, akamwambia kwa Kiswahili, "Kaa, baba. Umechoka." Kisha akaendelea mwenyewe, kwa Kiswahili chetu hiki kisicho na manukato.

"Mheshimiwa, mimi ni Minza. Mume wangu Masanja alifia pale shuleni. Unasema hakuna kipindupindu."

Neno likatua uwanjani. Niliona wanunuzi wawili wakitazamana.

"Mama, tunasema ni matatizo ya tumbo—"

"Kama ni tumbo tu, mbona nilikatazwa kumwosha? Mbona mlimwagia chokaa? Tumbo likimuuma mtu wa mjini akafa, mnamwagia chokaa?"

"Ule ni utaratibu wa kitaalamu."

"Sawa. Basi niamulie jambo moja, nitakaa." Akamsogeza Bibi Holo mbele, mpaka karibu na meza yenye kitambaa na chupa za soda. "Huyu ni mama yake marehemu. Watu hapa wanasema, kwa kuwa serikali imesema hakuna ugonjwa, huyu ndiye amemuua mwanawe. Wewe ndiye serikali. Kama ugonjwa haupo, basi ni huyu. Mpandishe kwenye gari lako sasa hivi, umpeleke polisi, kwa sababu nikirudi naye nyumbani hatafika mwezi. Na kama si huyu, kitaje kilichomuua. Chagua."

Bibi Holo alikuwa akimwangalia Mheshimiwa kwa yale macho mekundu, bila hasira, kama mtu anayesubiri kuambiwa apite mlango gani. Mheshimiwa alitumia leso zote mbili. Alimwangalia mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akaangalia ghala. Mwishowe akapata njia ambayo wakubwa huipata siku zote.

"Wataalamu wapo," akasema. "Watafafanua."

Kipaza sauti kikampitia diwani, kikampitia katibu, kila mmoja akikipokea kama kaa la moto, kikamfikia Mzee Nkwabi. Yeye alisimama, akakohoa, akasema sauti yake imekauka, na kwamba aliyewahudumia wagonjwa kwa mikono yake ni mwenzake. Akanikabidhi. Alipoinama kukaa akaniambia sikioni, "Omba ruhusa."

Nilikuwa na watoto shuleni. Nilimwona Mheshimiwa akinikazia macho, na macho yale yalikuwa agizo kamili lenye tarehe na mhuri. Nikasema:

"Mheshimiwa, jina la ugonjwa uliomuua Masanja nalijua. Lakini niliagizwa nisilitaje. Naomba ruhusa yako, hapa mbele ya wananchi, nilitaje."

Sikuwa nimemshitaki. Sikuwa nimemkaidi. Niliomba ruhusa, kama mtumishi mwema. Lakini watu wote wakageuza shingo kumwangalia yeye, na nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe kuna ruhusa!"

"Ruhusa… ya…" Mheshimiwa akakunja leso moja, akaikunjua. "Endelea, mtaalamu."

"Ni kipindupindu," nikasema. "Kinatoka kwenye maji ya lambo na mikono isiyooshwa. Hakitoki kwa mtu kwa macho yake. Bibi Holo hakumuua mwanawe."

Nilidhani yamekwisha. Minza hakukaa.

"Aseme yeye," akasema, bado anamwangalia Mheshimiwa. "Huyu Bwana Afya ni wetu. Aliyesema haupo ni wewe. Shija anakusikiliza wewe."

Nimewaona wakubwa wengi wakitoa maneno magumu: wakikiri kushindwa uchaguzi, wakiaga walipohamishwa. Sijaona neno likitoka kwa shida kama lile. Alilitoa vipande vipande, akiwa ameinamia chupa za soda. Kipindupindu. Minza akamwomba mtendaji alitafsiri kwa ajili ya wazee, na safari hii mtendaji hakupunguza kitu.

"Sasa kwa nini mlificha?"

"Hatukutaka kuwatia hofu, mama."

"Hofu ilikuwapo. Mliitoa kwenye maji, mkaihamishia kwa mama mkwe wangu."

Kisha akageuka, akamtafuta Shija kwenye umati. Hakumwita kwa ukali. Alisema tu, "Shija, msalimie mama." Shija alisimama akiwa ameshika kofia. Alikuja mpaka mbele, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. "Mwadila, mayu." Bibi Holo alichelewa kuitikia, nadhani alitaka asikie vizuri. Alipoitikia, wanawake wa upande wa pili nao wakaanza kupita mmoja mmoja, wakimsalimia, na mkutano wa kufungua msimu wa pamba ukageuka kuwa matanga ya Masanja, pale pale, mbele ya wanunuzi. Mimi na Mzee Nkwabi tukaleta ndoo ya klorini, tukasimama njiani, kila aliyetaka kumpa pole Minza akanawa kwanza.

Msidhani kila mtu alifurahi. Wanunuzi walikunja turubai lao jioni ile, malori yakaondoka, na ununuzi Mwandulu ukachelewa mpaka kambi ilipofungwa. Bei ilikuwa imeshuka. Kuna watu walimnunia Minza msimu mzima, na mmoja aliniambia usoni kwamba kipindupindu kiliua wachache lakini ukweli umetia hasara kijiji kizima. Ninachojua ni kwamba baada ya neno kutamkwa, dripu zilikuja kutoka mkoani, na fundi wa bomba akaja akiwa na vipuri, na wagonjwa wakapungua mpaka tukabandua kile kibao cha uangalizi wa tumbo.

Mimi nilihamishiwa Nkololo kwa manufaa ya umma. Umma wa Nkololo ulinipokea vizuri. Mzee Nkwabi alistaafu salama. Alipokuja kuniaga aliniambia kwamba jina la ugonjwa halimponyi aliyekwisha kuugua, linamsaidia ambaye bado, na kwamba nisiache kunusa klorini. Bibi Holo aliishi miaka mingi, akafa kwa uzee, na Shija ndiye aliyechimba kaburi. Mheshimiwa alipandishwa.

Miaka ikapita. Nikiwa karibu kustaafu niliitwa kwenye semina ya uwazi wakati wa milipuko ya magonjwa, semina yenye chai nzuri sana. Mtoa mada mkuu alikuwa Mheshimiwa, sasa ana mvi na leso moja. Akaeleza, kwa sauti ya kutetemesha, jinsi yeye alivyovunja ukimya: namna alivyosimama mbele ya wananchi katika kijiji kimoja, bila kujali presha za kibiashara, akatamka jina la ugonjwa na kumwokoa kikongwe asiye na hatia. Vijana wakapiga makofi. Ndiyo hadithi mliyoisikia. Hakunitambua, nilikuwa nimevaa viatu.

Wakaruhusu maswali. Nikainua mkono.

"Mheshimiwa, umeeleza kwamba kulikuwa na mama mjane aliyeuliza swali. Aliitwa nani?"

Akafikiri. Akapekua karatasi zake mbele na nyuma. Akasema ni zamani, na kwamba muhimu ni funzo.

"Anaitwa Minza," nikasema, nikakaa.

Aliandika. Namsifu kwa hilo, aliandika. Na nasikia katika semina zilizofuata alimtaja kwa jina kila mara, ila mwandiko wake mwenyewe ulimshinda kusoma, akawa anamwita Monika.

Nilipokwenda Mwandulu kumsimulia, nilimkuta Minza shambani anapalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea jembe. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta, akajifuta macho kwa kanga.

"Na huyo Monika," akaniuliza, "mama mkwe wake alipona?"